Dawa ya Mzee Ray

Léocadie alikuwa mtu wa kutangaza. Alipopata kazi yake ya kwanza, ya kupakia masanduku kwenye ghala moja la Seven Hills, Sydney, ukoo mzima ulijua kuanzia Guildford mpaka Uvira kabla hajavaa buti za kazi. Alipofaulu cheti cha kutunza wazee alipika wali na samaki, akaalika hata majirani Walebanoni. Na mimba ya kwanza ilipoingia, Moïse, mumewe, alisimama kanisani akashukuru, akina mama wakapiga vigelegele, na wiki ile ile vitenge vya mtoto vikaanza kuletwa nyumbani. Mimba ikatoka. Vitenge vikabaki. Ya pili nayo ilitangazwa, kwa sauti ya chini kidogo, nayo ikaenda.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ya tatu ilipoingia, Léocadie alifunga mdomo. Kwao mimba changa haisemwi. Huachwa ijionyeshe yenyewe, na safari hii aliamua kuishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Kwamba mficha uchi hazai, hilo alikuwa amelisikia tangu utotoni, lakini waliotunga methali hiyo hawakuishi Guildford, ambako watu wanajua umenunua kochi kabla halijashushwa garini. Alimwambia Moïse na daktari, basi.

Makao ya wazee alikofanya kazi yalikuwa mwendo mfupi kutoka stesheni. Miongoni mwa wazee wake alikuwamo Mzee Ray, dereva wa treni mstaafu, aliyeishi kwa figo aliyopewa na dada yake zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Asubuhi na jioni alimeza dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo ile. Kisha akapata kiharusi, kumeza vidonge kukawa taabu, na kwa kuwa vidonge vile havisagwi, daktari akaagiza dawa ile ile ya maji. Ingefika kesho yake.

Nkatha, nesi wa zamu, Mkenya wa Meru, aliwakusanya wahudumu jikoni. Alieleza kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili, maana nusu ya zamu walikielewa vizuri zaidi.

"Chembe nyeupe za damu ndizo zinataka kushambulia hiyo figo," alisema. "Lakini kwanza lazima ziongezeke, na haziwezi kuongezeka bila kitu kinaitwa purini. Ndani ya hizo chembe kuna kimeng'enya fulani, huyo ndiye fundi wa kutengeneza purini. Hii dawa inamfunga fundi mikono. Chembe zingine za mwili zinaweza kuishi na mitumba, zinaokota purini za zamani, zinatumia tena. Hizi nyeupe mitumba haziwezi. Fundi akifungwa, zimekwama."

"Sasa shida iko wapi?" aliuliza Déo, mhudumu mwenzao, mwimbaji wa kwaya katika kanisa la akina Léocadie.

"Shida ni mtoto wa tumboni. Yeye anashonwa upya kila siku. Dawa ikimfikia, mimba inaweza kutoka, ama azaliwe na kasoro. So kama uko na mimba, ama unapanga, usiiguse, hata ikimwagika. Come and tell me. Nitabadilisha roster, no questions."

Wanawake walitazamana.

Kwa ratiba, kesho yake chumba cha Mzee Ray kingekuwa cha Léocadie. Walipotoka jikoni alimvuta Vanessa pembeni, binti wa Goma aliyeolewa mwaka uliopita na ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale.

"Mgongo inanisumbua, mdogo wangu. Kesho chukua chumba ya Mzee Ray, mi nitachukua yako."

Vanessa alisita, akatazama viatu vyake. "Sawa, dada."

Uongo ukapita kirahisi namna hiyo. Léocadie aliona haya kidogo, lakini alifurahi zaidi.

Wakati wa chai alimkuta Vanessa amegeukia dirisha, anatafuna kitu kigumu. Harufu aliijua mara moja: udongo wa kula, ule mweupe wa duka la Waafrika. Yeye mwenyewe alikuwa na pakiti yake kabatini nyumbani, nyuma ya unga. Déo alipofungua kopo la kahawa, Vanessa aliziba pua akakimbilia chooni.

Chai ya Léocadie ikapoa mkononi. Amempa mwenzake kaa la moto alilolikimbia yeye! Na Vanessa angekataaje neno la dada aliyemtafutia kazi? Alimfuata mlangoni.

"Mdogo wangu, uko na mimba?"

"Mimi? Hapana, dada. Ni tumbo tu."

Hakuweza kumlaumu. Angeulizwa yeye angejibu vivyo hivyo.

Jioni alimweleza Moïse. "Vanessa ni mtu mzima," Moïse alisema. "Akatae mwenyewe." Lakini Léocadie alijua hatakataa. Kwenda kumsema kwa Nkatha kungekuwa kufunua chungu cha mwenzake, na kurudi kusema mgongo umepona kungemrudisha yeye mwenyewe kwenye dawa. Aliamua kuwahi asubuhi, amkute Nkatha peke yake, amwombe chumba kile apewe mwanamume.

Treni ikachelewa. Alipoingia jikoni anahema, zamu nzima ilikuwa imeketi, na Nkatha alikuwa ameshaweka chupa na glavu mbele ya Vanessa.

"Sister Nkatha, chumba ya Mzee Ray mpe Déo."

"Why? Vanessa yuko sawa nayo. Ama?"

Vanessa aliinamisha kichwa. Léocadie alimtazama Déo, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, akaviona vitenge vinakuja.

"Niko na mimba," alisema. "Ya mgongo nilidanganya. Na kama mi niliweza kuficha, kuna mwengine anaweza kuficha, na hatuna haki ya kumuuliza. Hii kazi wapewe wanaume. Kila siku."

Nkatha alizitazama nyuso zao moja moja. Alisukuma chupa mbele ya Déo.

"Hongera, mama!" Déo alisema, mkono mmoja tayari uko mfukoni unatafuta simu.

Léocadie alikwenda stoo ya mashuka akalia. Aliogopa, aliogopa sana, kana kwamba kusema tu kumeshauita msiba wa tatu. Mlango ukafunguliwa, Vanessa akaingia, akaufunga taratibu nyuma yake.

"Dada, asante. Ya kwangu usiseme, tafadhali. Ingali ndogo."

Léocadie alifuta macho, akamwekea mwenzake mashuka safi mikononi.

"Ya kwako gani?" alisema. "Mi sijui kitu."