Mukwe Wangu na Magari Yasiyotembea

Nilienda Bulaya sababu ya mudogo wangu, si sababu ya magari. Nalisema hilo mbele, maana huku Bihambwe kila mutu tunayekutana naye ananiuliza, mimi mwanamuke muzee: "Koko, walikuonyesha nini kule?" Nikijibu kwamba walinionyesha magari ya zamani, wanacheka.

Mudogo wangu, yule tuliyenyonya naye ziwa moja, iko Ubelgiji tangu zamani. Sasa wamemuweka katika nyumba ya wazee, muji wa mbali na kwa binti yangu. Akili yake ilianza kupotea. Binti alinipigia simu: "Mama, tantine anasahau watu. Leo ananijua, kesho ananiita mademwazeli. Wewe bado anakutaja. Ukuje haraka." Njo nilipanda ndege. Nilitaka kitu kimoja tu: aniangalie, anijue, kisha nirudi kwangu.

Lakini binti hajui kuendesha gari. Anayejua ni mume wake, na mume huyo anapumzika paka siku ya yenga, Jumapili tu, tukitoka kanisa. Na kwenye njia ya kwenda kwa mudogo wangu kuko mize, zile nyumba za kuonyesha vitu vya zamani.

Usifikiri mize ya serikali. Hizi ni za watu wao wenyewe. Muzee amestaafu, amekusanya magari aliyoyatamani akiwa kijana, ameyafungia nyuma ya nyumba, ameweka kibao kwenye barabara. Siku ya yenga anafungua mulango na bibi yake anauza kahawa. Mukwe wangu akiona kibao kama hicho, shingo inageuka yenyewe.

Ya kwanza ilikuwa nyumba ya ngombe. Mutu wa kwetu Masisi akiingia katika nyumba ya ngombe anatafuta ngombe. Mimi nilikuta magari yamepangwa pale walipokuwa wanakamulia, kila moja na kamba yake kama ndama, na chini ya moteri wameweka sahani ya kukinga mafuta. Mwenye mali alikuwa anayapangusa na manyoya ya kuku. Kila gari alilieleza toka taa mpaka pine. Mukwe wangu anatafsiri, halafu anauliza: "Mama, iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, Papa," nilimujibu, maana mukwe tunamuita hivyo kwa heshima.

Ningesema nini? Kwetu mama-mukwe hamuangalii mukwe wake usoni, hali naye sahani moja, na kumugombeza ni haya kubwa. Akikuonyesha kitu, unasifu. Basi nilisifu. Na kila nikisifu, yeye anafurahi, anauliza muzee kama hakuna mize ingine karibu. Tulipotoka, wakati wa kutembelea wazee ulikuwa umepita. Tukarudia njiani.

Yenga ya pili ikawa ile ile, nyuma ya duka la mikate. Usiku nilimukamata binti yangu jikoni.

"Umuambie mume wako."

"Nilimuambia, Mama. Anasema wewe njo unapenda. Anasema Papa, bwana yako, alikuwa shofere wa kamiyo, na kila gari unasema iko muzuri."

"Niseme iko mubaya? Kwa mukwe?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe njo uliolewa naye, si mimi!"

Yenga ya tatu ilikuwa ya mwisho. Kesho yake nilikuwa narudi. Nilikaa nyuma nikiomba Mungu avifunike vibao vyote. Hakuvifunika. Gari lilipokata kona nilimufinya binti, naye akaangalia dirisha.

Ndani mulikuwa kamiyo ya kijani yenye mbao pembeni, sawa na ile bwana yangu alikuwa anapandisha kwetu, barabara ya Kashuga na Kalembe, imejaa viazi na watu juu yake. Majina ya mashofere wote wa barabara ile ninayo kichwani, sitayataja hapa. Mukwe alikuwa anawaka meno yote: "Mama, hii njo ya Papa!" Mwenye mali akasema kwamba tangu aliinunua, haijanyeshewa na mvua hata siku moja.

Kamiyo isiyojua mvua! Yetu ililala katika matope mpaka tukapikia maharagi pembeni yake. Hapo roho yangu ilijaa.

Kwetu kuko njia moja. Neno likikushinda kwa mukwe, unaliambia kitu kingine, naye anasikia. Mara mingi ni mbuzi. Mbuzi hakukuwa.

"Wewe kamiyo," nilisema kwa sauti, "uko muzuri, asante. Lakini sikuvuka mawingu sababu yako. Niko na mudogo wangu anayesahau watu. Yenga mbili wenzako wamenikawisha, leo na wewe. Akisahau uso wangu, ni wewe utamukumbusha?"

Yule muzungu mwenye kamiyo akauliza binti yangu ninasema nini.

"Anaisifu," binti alijibu, akiuma mudomo.

Muzungu akafurahi, akanifungulia mulango wa kamiyo nipande nikae. Mukwe wangu hakucheka. Ni mutoto wa kwetu, wa Kalembe, walimulea vizuri. Aliinamisha macho, akaweka mukono juu ya kamiyo.

"Kamiyo, nimesikia. Nilizani Mama anafurahi. Bakia na amani, sisi tunaenda."

Tukashika njia. Kibao kingine kilipita. Macho yake yalienda, gari halikuenda.

Tulifika wanapotoa chakula cha jioni. Mufirmye, muuguzi wa pale, alisema tuko na dakika kidogo tu. Mudogo wangu alikuwa kwenye meza, kitambaa shingoni. Nilikaa mbele yake, nikakataa kumutajia jina langu, nilitaka alitoe mwenyewe. Aliangalia kitambaa changu cha kichwa, mikono, tena uso.

"Ni sasa njo unafika?" alisema. "Supu imepoa."

"Mimi ni nani?"

"Usiniletee maswali ya dokta! Wewe njo mukubwa wangu, na sikuzote unachelewa. Kula."

Alinisukumia sahani yake. Mufirmye alipokuja kuitoa, alimupiga mukono: "Uache! Mukubwa wangu anakula."

Nilikula ile supu baridi isiyo na chumvi mpaka chini, sababu alikuwa ananiangalia.