Mayai yangu ya siku ya ishirini

Leo nimemgombeza fundi wa umeme mbele za watu, kumbe kosa liko nyumbani kwangu.

Asubuhi umeme ulikatika Utemini nzima.
Nina mayai themanini kwenye mashine ya kutotolesha. Jana vifaranga walishaanza kugonga maganda kwa ndani.
Nikamwambia mzee wangu, "Weka dumu la maji ya moto humo ndani."
Akajibu, "Nimeshaweka."
Nikaondoka, mbio hadi kituo cha umeme.

"Shikamoo bibi," fundi akanisalimu.
"Marahaba. Nasikia waya umeanguka Iguguno, sisi wa Utemini mnatuzimia kwa nini?"

Akasema kuna kifaa kinaitwa rilei. Waya ulipoanguka, kiliiagiza swichi kubwa ya laini ya Iguguno ikate. Swichi ikagoma.

"Kilijuaje kama imegoma?"
"Kikishaagiza, kinapima, bibi. Kilisubiri kidogo, chini ya sekunde, kikaona umeme bado unapita. Ndipo kikaagiza swichi zote za jirani zikate, na yenu ikiwemo, transfoma isiungue."

Nikamwambia hicho kifaa hakina adabu, hakiamini wenzake. Watu wakacheka. Nikajiona nimeshinda.

Nikarudi nyumbani.
Dumu lipo ndani ya mashine kweli. Nikaligusa. Maji ya baridi.

"Mkaa ulikuwa umeisha," mzee akasema. "Niliogopa utanigombeza."

Umeme ulirudi saa tisa. Nimeweka yai sikioni, moja baada ya jingine. Kimya.

Mzee sikumgombeza. Nimekaa tu, hata hasira sina.

Fundi, kama unasoma hapa, nilikusema bure.
Nyie wengine pole zenu kaeni nazo. Niambieni tu, nani kati yenu akishaagiza huwa anagusa dumu?