Sweta la Marehemu Seleman

Njombe mjini, ukipandisha kwenda kanisani, kuna baraza moja ambayo hata baridi ya Juni haimfukuzi mwenyewe. Hapo ndipo anapokaa Letisia, Mama Hosea, Mbena mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Kufuma alifundishwa na sista mmoja wa misheni, lakini mitindo mingi kaisoma kwenye mitumba. Masweta ya nje yaliyotoboka, yasiyouzika, anayafumua, anafua uzi, anafuma upya. Na katika kufumua ndimo anamojifunza. Sweta la Norwei lina maua ya vinukta. Yeye huona maua ya pareto ya shambani, basi huyatia njano katikati. La Peru lina mnyama mwenye shingo ndefu. Watoto wakasema ni kondoo aliyeshangaa, na kondoo huyo sasa anaagizwa mpaka Makete. La Ayalandi lina misuko iliyovimba kifuani. Hilo yeye huliita twende kilioni, kama ule mtindo wa kusuka nywele. Jumapili kwenye misa ya watoto, ukitazama mabenchi ya mbele, utaona dunia nzima imekaa inaimba.

Masweta hayo mabovu huletewa na Rehana, Mama Yasmini, mjane Mwislamu mwenye kibanda cha mitumba Makambako. Kwao Tanga, na baridi ya huku haijamwingia akilini mpaka leo. Hufunga furushi, akampa kondakta wa Coaster. Letisia akilipokea haulizi. Hukata mishono ya begani, akaanza kuvuta.

Siku hiyo alivuta uzi wa bluu, sufu nzito, ya twende kilioni. Akamshukuru Mungu kwa uzi mzuri. Mgongo ukaisha, akaingia mkono wa kulia, nao ukaisha. Simu ikalia.

"Kamwene, shoga yangu! Nimesahau kukwambia, lile la bluu ni la baba Yasmini. La marehemu. Panya wamenitafunia kiwiko, nizibie tu."

Letisia akatazama madonge ya uzi mapajani.

"Mama Yasmini… nimeshalifumua."

"Lote?"

"Mgongo na mkono mmoja. Kifua kipo."

Zikasikika honi za malori upande wa kule. Marehemu Seleman alikuwa dereva wa lori, na sweta lile halikumtoka mwilini safari za Songea.

"Haya," akasema Rehana, akakata simu.

Hiyo haya Letisia alilala nayo. Alisali rozari, akapotea katikati, akaanza upya. Kulipokucha akafua uzi, akauning'iniza na jiwe ili unyooke. Kifua akakitandaza mezani, akakifuatisha msuko kwa msuko. Mahali pamoja aliyelifuma huko Ayalandi alikosea, msuko ukapishana vibaya. Letisia akaurudia mgongoni hivyo hivyo, asije akamrekebishia mtu marehemu wake. Pale panya walipokula uzi ukapelea. Akachukua kijivu cha sweta la Norwei, akamalizia nacho ncha za mikono yote miwili, ifanane. Mkono mpya akaupima kwa ule wa zamani, usizidi, usipungue.

Rehana alikuja mwenyewe. Karibu ya kiti hakuijibu. Akalipokea sweta, akazamisha uso ndani.

"Linanuka sabuni."

"Niliufua uzi, mama. Nisamehe."

"Lilikuwa linanuka panya, nisikudanganye."

Letisia hakujua acheke au alie. Rehana akalivaa juu ya baibui. Mikono ikameza vidole vyake vyote.

"Nimeipima kama yake," Letisia akasema kwa sauti ndogo.

"Naona. Mwanaume yule alikuwa na mikono ya kuangulia nazi bila kupanda mnazi!" Akacheka, machozi yakamtoka papo hapo, ndipo akakaa. Akawa anapapasa misuko ya tumboni, polepole. "Limekaa sandukuni tangu alipoondoka, Mama Hosea. Nalitunza, panya wanakula, na mie huku natetemeka. Nifupishie mikono. Nitalivaa mwenyewe."

"Una hakika, dada? Nikikata…"

"Fumua."

Letisia akaitafuta ncha ya uzi wa kijivu, akaivuta. Rehana akaupokea uzi, akawa anauviringisha donge, macho hayatoki kwenye vidole vya Letisia.

"Polepole basi," akasema, "usije ukafika kifuani."