Kichupa cha Bluu

Mama yangu, mkulima wa mdalasini kule Kinole, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hospitali ya mjini Morogoro walishamwambia anaweza kupasuliwa akaona. Hataki. Anasema siku akifunguliwa bandeji, mtu wa kwanza atakayemwona yeye niwe mimi, si nesi. Na mimi niko ng'ambo, kwenye maabara, na likizo zangu hazitoshi hata kupanga foleni ya upasuaji.

Jumapili moja kwenye simu aliniuliza huko napika nini hasa. Nikamweleza: fuwele ndogo mno za nusu-kipitishi, jamii ya vitu vilivyomo ndani ya simu yake, ninazozikuza kwenye mafuta ya moto. Ukiziepua mapema hubaki ndogo, na zikimulikwa hutoa mwanga wa bluu. Ukiziacha zikue, mwanga huwa wa kijani, kisha njano, kisha mwekundu. Kitu ni kilekile, ukubwa tu ndio umebadilika. Hata umbo lina kazi yake: zikirefuka kama punje za mchele na kupangwa upande mmoja, ukizitazama kwa miwani fulani ya jua huku ukiigeuza, mwanga hufifia na kurudi.

"Kumbe ndio wajukuu ulioninyima," akacheka. "Niletee niwaone kabla giza halijaniwahi."

Likizo iliyofuata nikambebea vichupa viwili vilivyozibwa barabara, chekundu na cha bluu. Cha bluu ndicho kilichonitoa jasho, maana ukichelewa kidogo tu kuepua, rangi imekwenda. Baada ya shikamoo na chai nikafunga madirisha ya chumbani, nikavimulika kwa tochi ya mwanga wa urujuani. Mama akainama hadi pua ikagusa.

"Huyu mwekundu namwona," akasema taratibu. "Huku kwingine hamna kitu."

Nilijiona mjinga. Ukungu wa macho yake huzuia bluu kuliko nyekundu, na jambo hilo nalijua tangu chuoni.

"Cha bluu nacho kinawaka, mama."

"Ndio wale walioepuliwa mapema?"

"Ndio."

"Basi waliokaa ndio ninaowaona."

Hakusema kwa kinyongo. Lakini mimi niliondoka nyumbani mapema, nikiwa bado mtoto, kwenda shule ya bweni, na tangu hapo hamu ya kuwa naye haijaniisha. Akaniuliza naondoka lini. Nikasema Jumamosi.

"Macho yatasubiri," akasema, akanirudishia kichupa cha bluu.