Nyoka wa Nyuma ya Mikeka

Enzi zetu, nanyi mliokulia Muleba mtanishuhudia, mtoto hakununuliwa mchezo dukani. Mpira tulifunga wenyewe kwa maganda makavu ya migomba, tukaucheza kwenye uwanja wa kuanikia kahawa mpaka mama atoke na mwiko. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tuliwakimbiza asubuhi na mapema kabla ya shule, na mwalimu akiona kaptula imelowa umande, shauri yako. Vijana wa leo wanawanunua Bukoba mjini wameshakaangwa, tena wanalalamika chumvi imezidi!

Baba yetu, Tata kama tulivyomwita kwa Kihaya, alikuwa na gobore. Tumbili waliingia kibanja, lile shamba la migomba lililoizunguka nyumba, kama wamealikwa harusini. Alfajiri Tata anatoka, unasikia mlio mmoja, kisha kimya. Gobore likishashindiliwa baruti, njia rahisi ya kuitoa ni kulifyatua. Kwa hiyo tumbili wasipokuja, alilirudisha chumbani kwake hivyo hivyo limejaa, akalisimamisha nyuma ya mikeka iliyokunjwa.

Sisi hatukujua linakaa wapi. Ukiuliza, alikukatiza: "Hayo si mambo ya watoto." Na ili tusichungulie chumbani, alituambia nyuma ya mikeka kuna nyoka mkubwa. Msimshangae. Wazazi wote walitulea hivyo: kisimani kuna zimwi, kwenye pango kuna mla watoto. Tulikua na uongo huo, na wengi wetu tulipona.

Mdogo wangu wa kike, Koku, alikuwa na miaka sita, pengo mbele, na maneno kama mtu mzima. Hakuogopa nyoka, alimwonea Tata huruma. "Kaka, Tata analala na nyoka kila siku. Ipo siku atamuuma." Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona mjanja. Nikamcheka, nikamwambia, "Si kamuue wewe basi, shujaa!" Maneno hayo niliyasema mimi.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Tata amekwenda kwa jirani, mama yuko jikoni anamenya ndizi, mimi nachonga pia ya kuchezea uani. Nikasikia ndani mtu anapiga mikeka kwa mpini wa jembe, pu, pu, pu. Kisha ukaja ule mlio wa alfajiri, ila mara hii ulitoka ndani ya nyumba. Gobore lilikuwa limeanguka na kufyatuka.

Yesu wangu! Mama alifika kabla yangu. Wanaume walimweka Koku kwenye machela wakakimbia naye kwenda zahanati, lakini hata barabarani hawakufika. Niliwaona wanarudi wakitembea polepole, nikajua.

Tata alilisalimisha gobore serikalini mwenyewe. Tangu hapo tumbili walikula ndizi zetu watakavyo, naye akawatazama tu. Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, aliniambia, "Ningemwonyesha tu. Ningemwambia hii ni bunduki, inaua, ukiiona niite. Yule mtoto alikuwa msikivu." Nilitaka kumwambia na mimi nilichomwambia Koku. Nimemzika sijamwambia, na inaniuma mpaka leo.

Sasa naishi Nyanga, hapa Bukoba, kwa mwanangu, ambaye anamiliki bunduki kwa kibali. Ameifungia kwenye kabati la chuma, risasi ziko kwingine, ufunguo anatembea nao. Watoto aliwakalisha sebuleni akawaeleza ni kitu gani na kinafanya nini. Wakiiona popote, hata kwa jirani, wasiguse, watoke, wamwite mtu mzima. Nao walivyo na maswali, jamani! Mtoto wa siku hizi anamhoji baba yake kama hakimu. Zamani ningesema hawana adabu. Siku hizi nawaacha waulize mpaka wachoke. Utoto wetu ulikuwa mtamu, sibishi, ila tulinyamazishwa mno.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alitimiza miaka saba. Walikata keki, akaja kunilisha kipande, machozi yakanitoka mbele ya watu. Wote wakacheka, eti babu furaha imemzidi. Nikawaacha wacheke. Nilikuwa namtazama yule mtoto, nikiwaza kwamba sasa amekuwa mkubwa kuliko Koku.