Kiti Kimoja Dukani

Miye sikuzaliwa nibembelezwe, lakini kukanyagwa pia sikuzaliwa nako. Riyadh nilifanya kazi za ndani mwaka mzima kwa madam mmoja wa mtaa wa Malaz, anafunga mlango na ufunguo anautia kifuani. Nilipoletwa Jeddah kwa Bi Wahida nikasema, alhamdulillahi, nimepona. Mji wa bandari, bwana! Upepo wa chumvi, watu wanavutana bei mpaka mate yanaruka, na wanawake wanauza madukani kweupe.

Bi Wahida anauza viungo. Wazee wake walihamia huku mwaka wa sitini na nne, yeye kazaliwa hapa hapa, na kila mteja humwambia, "Sisi Wazanzibari." Dukani mna kiti kimoja, chake. Miye husimama tangu asubuhi.

"Nakutazama miezi mitatu," aliniambia siku ya kwanza. "Ukinifaa, nahamisha ikama yako, hicho kibali chako cha kukaa nchini, ije kwangu. Ukinitia aibu, unarudi Riyadh kwa madam wako."

Mwezi wa pili, Ami Faris, anayemletea mzigo wa bandarini miaka ishirini sasa, akashusha gunia la karafuu. Nikachukua moja nikaibana kwa ukucha. Kavu! Kwetu Pemba karafuu ukiibana hutoa mafuta, kidole kikanukia kutwa.

"Bi Wahida, usizipokee. Hizi zishakamuliwa mafuta."

Ami Faris akacheka. "Mfagiaji naye kawa mjuzi! Yalla, kafagie."

Bi Wahida akanikata jicho. "Muna, wataka kurudi Riyadh?"

Niliogopa, nisiseme uwongo. Nikaukumbuka ule ufunguo. Lakini karafuu nimezichuma tangu mtoto, leo huyu anifanye mjinga? Thubutu!

Nikajaza maji glasi mbili. Moja nikatia karafuu za Faris, ya pili nikatia zangu, alizonifungia mama kwenye kitambaa nilipoondoka. Zangu nyengine zikazama, nyengine zikasimama wima. Zake zikalala juu ya maji kama vijiti. Wateja wakasogea kutazama. Faris akaanza kushughulika na simu yake.

"Halas, Faris," akasema Bi Wahida. "Beba gunia lako."

Alipokwisha kuondoka, Bi Wahida akaibana karafuu yangu moja, akanusa kidole. Machozi yakamlengalenga.

"Nimeziuza umri wangu wote," akasema, "na mti wake sijapata kuuona. Nifundishe, mwanangu."

"Ntakufundisha. Lakini miguu yangu imechoka."

Akainuka, akanisogezea kiti kwa mikono yake mwenyewe. "Kesho tutahamisha ikama."

"Leo," nikamwambia, nami nishakaa.