Gari Nililomuuzia Shemeji Likiwa Baridi

Mimi ndiye mwenye makosa. Nalitanguliza hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunihurumia. Yaliyompata shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, yalitoka mikononi mwangu, na kabla ya leo sijamwambia mtu.

Enzi zile za utawala wa jeshi nilikuwa fundi magari Kasubi, hapa Kampala. Baba yetu alikuwa polisi kutoka kaskazini, tukalelewa kwenye nyumba za polisi, ndiyo maana nakuandikia Kiswahili. Gereji ilikuwa yangu mwenyewe, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko gereji. Ukiniletea gari nisilolijua, sikusema silijui. Bora nilibomoe!

Basi likaja gari la michezo la Kijapani, jekundu, milango miwili, limelala chini karibu liguse lami. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mhindi mwenye duka, akaliacha Wahindi walipofukuzwa nchini. Likachukuliwa na afande mmoja wa kambi ya Mbuya. Afande alitamba nalo mwezi mmoja, akalichoka kwa sababu lilikula oili, na siku zile oili ilikuwa haionekani madukani, ukiipata ni ya magendo. Akaniambia nilichukue tu, yeye ameshapata jingine kubwa.

Injini yake haikuwa na pistoni. Banange, nilishangaa! Ndani mna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, na kila pembe ina sili nyembamba ya kuzuia upepo usivuje. Nikaona kuna vipaipu vidogo vinapeleka oili mpaka kwenye kabureta. Nikacheka peke yangu. Nikasema Wajapani gani hawa wanaotuma oili ikachomwe bure, wakati sisi tunaitafuta kwa tochi? Nikaviziba.

Oili ikaacha kupungua. Nikatembea kifua mbele Kasubi nzima nikiwaambia mafundi wenzangu kwamba nimemrekebisha Mjapani.

Kumbe oili ile ilikuwa na kazi! Ndiyo iliyokuwa inalainisha zile sili. Fundi mmoja Mkongomani aliyepita gerejini alinieleza hivyo, nami nikamwambia arudi kwao akajifunze. Baada ya miezi michache sili zikalika, na gari likapata ugonjwa ambao hutauona kwa macho. Asubuhi likiwa baridi linawaka mara moja, vizuri kabisa. Likishapata moto ukalizima, basi. Stata inalia, injini haishiki, mpaka ungoje karibu nusu saa lipoe. Vipuri vya magari ya kawaida vilikuwa shida Kampala, sembuse vya lile.

Nilijua. Naomba ulishike hilo. Nilijua ugonjwa wake wote, na nikaanza kutafuta wa kumtupia.

Hapo ndipo shemeji akaja. Alikuwa karani wizarani, mtu mpole, wa baiskeli na shati jeupe. Hakuwahi kupenda magari. Ghafla anataka gari, na tena liwe la mbio. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini, lakini miaka ile watu hawakuulizana mambo, hata ndani ya familia. Jambo usilolijua halikuweza kutolewa kinywani mwako.

Aliomba kuja kuliona jioni akitoka kazini. Nikamwambia hapana, jioni wateja wanajaa, njoo saa moja asubuhi. Wateja gani! Nilitaka alikute baridi. Akaja, akawasha mwenyewe, likaitikia palepale, naye akatabasamu. Tukaenda nalo mpaka Kalerwe. Pale sokoni akataka kuzima ashuke anunue muhogo, mdogo wangu alikuwa amemwagiza.

"Hapana zima," nilimwambia. "Betri ni mpya, inataka kushiba kwanza. Wewe nenda, mimi nabaki."

Nikabaki kwenye usukani, mguu juu ya mafuta, namwona akichagua muhogo bila haraka, na mimi natokwa na jasho la uwongo. Hata yule mama muuzaji alinitazama.

Njiani kurudi akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Kaka, mimi sijui gari. Wewe ndiyo macho yangu. Hii inaweza kunifikisha mbali bila kunitupa?"

"Shemeji," nikamjibu, "hata Mombasa."

Akanipa akiba yake yote, nikaipokea kwa mikono miwili.

Siku nne tu alilitumia kwenda kazini na kurudi. Asubuhi baridi, jioni baridi, kwa hiyo hakugundua kitu. Mdogo wangu alikuja hata kunishukuru. Mimi nikashukuru Mungu kwamba mzigo umehama.

Sikujua kwamba wizarani kwake wenzake wawili walikuwa wameshachukuliwa na askari, na kwamba alikuwa amenong'onezwa jina lake ndilo linalofuata. Jumapili mchana akampakia mke wake na watoto wawili, wakashika njia ya Jinja. Mkononi alikuwa na barua ya uongo ya msiba wa Tororo, karibu na mpaka. Walikuwa wanakwenda Kenya, na hawakukusudia kurudi. Yaliyofuata nilisimuliwa na mdogo wangu.

Karibu na daraja la Jinja kulikuwa na kizuizi cha askari. Pale ilikuwa ni amri, kila gari lazima lizimwe na watu wote washuke. Shemeji akazima, wakashuka. Askari akaisoma barua, akachungulia buti, akawatazama watoto. Akasema haya, nendeni.

Walikuwa wameruhusiwa! Walikuwa wameruhusiwa!

Shemeji akazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini haikushika. Akajaribu tena. Nyuma magari yakaanza kupiga honi. Askari mwanzoni walicheka, wawili wakasukuma kidogo, wapi. Kelele zile zikamtoa mkubwa wao kwenye kibanda. Akaitaka ile barua upya, akataka na kitambulisho, akalitazama jina muda mrefu. Akamweka shemeji pembeni, akaanza maswali. Unafanya kazi wapi? Nani amekufa? Amekufa lini? Mdogo wangu anasema mumewe alijibu yote kwa sauti ya kawaida, na kwamba mkubwa yule alifika mahali akaonekana kuchoka, akawa anamrudishia kitambulisho.

Wakati huohuo askari mwingine aliambiwa aliondoe gari barabarani. Karibu nusu saa ilikuwa imepita. Akaketi, akazungusha ufunguo mara moja.

Likawaka.

"Mbona inawaka?" askari alimwuliza mdogo wangu. "Bwana yako alikuwa anangoja nani hapa?"

Huo ndio ukawa mwisho. Waliamini kwamba amejifanya kuharibikiwa. Wakampandisha kwenye gari lao. Mdogo wangu anasema hakumtazama yeye wala watoto, alikuwa akilitazama lile gari jekundu linavyonguruma, kama mtu anayetaka kuliuliza kitu. Hatujamwona tena. Hatukupata hata mwili wa kuzika.

Mdogo wangu alirudi Kampala na watoto juu ya lori la matoke, akaja moja kwa moja kwangu. Hata maji hajanywa akaniuliza, "Kaka, wewe ni fundi. Kwa nini lilikataa, halafu likawaka?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningesema ukweli akanipiga, akanilaani, akaondoka. Nilistahili. Badala yake mdomo huu ukasema kwamba shemeji alishikwa na hofu. Nikamweleza kitaalamu kabisa kwamba mtu akiwa na woga anakanyaga mafuta ovyo, petroli inajaa, injini inazama. Nikasema angetulia tu, lingewaka.

Ewe msomaji, gari lilimkamatisha, lakini maneno yale nayaona mabaya zaidi ya gari. Nilimtwika marehemu kosa langu!

Mdogo wangu aliamini, kwa sababu mimi ndiye fundi. Amekaa kwangu miaka yote hii na kila mtu anamwambia ana kaka mwema. Mwanawe wa kiume amekuwa kijana sasa, na siku moja alipotusimulia kwamba shuleni aliogopa kujibu swali la mwalimu, nilimsikia mama yake akimwambia usiwe mwoga kama baba yako. Kijana aliinamisha kichwa. Nilikuwa mezani pamoja nao, nikaendelea kula.

Gereji niliifunga. Nikisikia stata ya gari la jirani inalia bila kushika, naondoka kwangu, natembea mpaka ikome. Usingizi wangu ni wa vipandevipande.

Wewe unayetaka kununua gari la injini ya namna ile, nisikilize. Usikubali kuonyeshwa likiwa baridi. Shika boneti kabla ya kuwasha. Kama ni ya moto, ni vizuri, na kama ni baridi, liendeshe mpaka lipate moto, ulizime, ungoje dakika kumi, uwashe tena. Likisitasita, liache. Uliza linakula oili kiasi gani, na mwenyewe akikwambia haliongezwi hata tone, usifurahi. Mwambie akuonyeshe vile vipaipu vinavyokwenda kwenye kabureta kama havijazibwa na fundi mjuaji. Na muuzaji anayekukataza kuzima gari sokoni, mwachie gari lake, hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Na wewe unayeuza, sema. Hujui mnunuzi anakwenda wapi nalo.

Mdogo wangu husoma gazeti hili kila wiki, na majina nimeyaficha, lakini muhogo wa Kalerwe ataujua. Basi ajue na hili, amsomee na mwanawe. Mume wako hakuogopa. Hakujaza petroli, hakukosea ufunguo, hakufanya kosa lolote pale darajani. Gari lilikuwa bovu, na mimi nilijua.